Skrubu tatu na nyota ya utosini: kunyoosha kioo kidogo cha darubini ukiwa huku kwetu

Kama unayo darubini ya Schmidt-Cassegrain, zile fupi nene zenye kioo mbele na kiduara cheusi katikati ya hicho kioo, na kila ukiiangalia Mshtarii unakuta kingo hazishiki, mikanda yake inajificha, Zohali nayo pete zimegandana na mwili wake, basi usiharakishe kuiuza. Na usimkubalie haraka anayekwambia lenzi zimekufa. Darubini za aina hii nimezishika kadhaa, za watu wa Dar, Iringa, Arusha, na nyingi zilizokuwa zinalalamikiwa hazikuwa na ugonjwa wowote wa maana zaidi ya kile kioo kidogo cha mbele, kilichojificha nyuma ya hicho kiduara cheusi, kukaa upande. Kidogo tu yaani, kiasi ambacho ukikitazama kwa macho huoni kitu. Dawa yake ni bisibisi, nyota moja iliyokaa juu vizuri, na uvumilivu.

Naandika hii kwa sababu huku hakuna pa kuipeleka. Simu ikisumbua unaenda Kariakoo, gari likigonga unamjua fundi wako, ila darubini ikihama vioo ukisema uirudishe ilikotoka gharama ya usafiri peke yake inakukatisha tamaa, alafu ikirudi itapita uwanja wa ndege na barabara zile zile, ikifika imeshahama tena. Kwa hiyo mwenye darubini ndo fundi wake, hakuna mwingine. Sababu ya pili ni kwamba maelekezo karibu yote yaliyopo yameandikwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini, na kuna kitu kikubwa ndani yake ambacho huku hakifanyi kazi kabisa, nitafika.

Kwanza tuelewane mwanga unapitaje humo ndani, maana ukizungusha skrubu bila kujua unachogusa utapoteza usiku mzima. Kile kioo chembamba cha mbele kinaitwa koreketa, ukikiangalia unaona ni kioo cha dirisha tu lakini kimesuguliwa kwa mkunjo mdogo sana usioonekana kwa macho, kazi yake kurekebisha kasoro ya kioo kikuu kilichoko nyuma, ambacho ni kipande cha tufe. Hiyo akili ni ya Bernhard Schmidt, mzaliwa wa kisiwa cha Naissaar kule Estonia, 1879, aliyekuja kufanya kazi kwenye kituo cha nyota cha Hamburg na kukamilisha kamera yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1930. Schmidt alipoteza mkono wa kulia akiwa kijana, kwenye mlipuko wa majaribio yake mwenyewe, na vioo vyake vile vilivyokuja kuwashangaza wataalamu wa nyota alivisugua na mkono mmoja uliobaki. Mimi huwa namkumbuka sana huyu mzee, mtu akiniambia hawezi kugusa darubini yake kwa sababu ni kitu nyeti namsimulia habari zake. Cassegrain naye ni Mfaransa, wazo lake la kioo cha pili kinachorudisha mwanga nyuma kupitia tundu lilitangazwa 1672. Vyote viwili kuunganishwa na kufika mikononi mwa watu wa kawaida, hiyo ni 1970, Tom Johnson wa kampuni ya Celestron kule California alipotoa ile C8, yenye upana wa inchi 8, bomba la rangi ya chungwa.

Sasa mwanga ukishapita koreketa unaenda nyuma kugonga kioo kikuu, unarudi mbele ukiwa unabanana kuelekea kioo kidogo, kile kilichojificha nyuma ya kiduara cheusi, kioo kidogo kinaurudisha tena nyuma, unapenya tundu la katikati ya kioo kikuu, unafika kwenye jicho lako. Kwenye inchi 8 ya kawaida kioo kikuu kina uwiano wa f/2, yaani urefu wa fokasi ni mara 2 tu ya upana wake, mkali mno, na kioo kidogo kinakuza mara 5 mpaka f/10, ndo maana bomba ambalo halifiki nusu mita linakupa urefu wa fokasi wa milimita 2032. Lakini kuza hiyo ya mara 5 haichagui, inakuza picha na inakuza kosa. Kioo kidogo kikiinama hata kwa kiasi cha skrubu kuzunguka sehemu ndogo ya mzunguko mmoja, mwanga wa nyota hautui tena sehemu moja, unavutwa upande mmoja na kuota mkia, na huo mkia wataalamu wanauita koma. Kwenye nyota unauona ni mkia, kwenye sayari huuoni kama mkia kwa sababu kila nukta ya sayari imeota wa kwake na yote imelaliana, unachoona wewe ni ukungu tu, ndo pale watu wanaanza kulaumu lenzi.

Kioo kikuu chenyewe kwa darubini nyingi za aina hii hakina skrubu za mtumiaji. Kinateleza mbele na nyuma kwenye bomba la ndani ukizungusha kitufe cha fokasi, basi. Kila marekebisho unayoweza kuyafanya wewe yako kwenye kioo kidogo, kwenye skrubu tatu zilizokaa pembe tatu, mara nyingi chini ya kifuniko cha plastiki. Zinavuta kile kioo dhidi ya nukta ya katikati, kwa hiyo ukikaza moja unakuwa umekiinamisha upande wake, na zile mbili zingine zinatakiwa zipishe.

Nirudi kwa lile la kaskazini. Fungua kijitabu au video yoyote, utaambiwa elekeza darubini kwenye Polaris, nyota ya Kaskazini, kwa sababu haihami, unakaa nayo saa nzima ukizungusha skrubu na yenyewe ipo pale pale. Kwa mtu wa London ni ushauri mzuri, kwake Polaris iko juu nyuzi 51 na kitu. Dar tuko nyuzi 6.8 kusini ya ikweta, Polaris kwetu iko chini ya ardhi, haichomozi. Nairobi hivo hivo. Kampala na Kisumu inagusa gusa upeo wa macho, imezama kwenye vumbi na moshi, huwezi kuitumia kwa kazi hii hata ukiiona. Na upande wa kusini usitafute mbadala, nyota iliyo karibu na ncha ya kusini ni Sigma Octantis, ni hafifu, na kwa mtu wa Dar iko chini mno. Nyota iliyo chini unaitazama kupitia hewa nyingi inayotetema, hautajua unachokiona ni koma au ni hewa.

Kwa hiyo nyota zote zinazotufaa zinatembea, na zile za karibu na ikweta ya anga, ambazo ndo zinapita utosini kwetu, zinatembea kuliko zote, nyuzi 15 kwa saa. Ukiwa na ukuzaji wa mara 200 nyota inakatiza uwanja wote wa lenzi kwa kama dakika moja. Ndo maana stendi yenye mota inayofuata nyota ni msaada mkubwa mno kwa kazi hii, hata kama siku zote unaona unaweza bila mota. Na kama huna mota bado kuna njia, subiri.

Lakini kuna upande mwingine wa hili jambo na ndo unaonifanya niwe mkali kuhusu skrubu tatu. Anga letu kwa sayari ni anga la upendeleo. Mwaka 2018 Zohali ilikuwa kusini sana, mtu wa London alikuwa anaiona ikifika nyuzi kama 16 tu juu ya upeo wa macho, anaitazama kupitia hewa zaidi ya mara tatu ya ile iliyoko utosini, wakati Dar ilikuwa inafika nyuzi 74. Mshtarii ikienda kaskazini kabisa kwa mzunguko wake, kwetu bado inafika karibu nyuzi 60. Damian Peach, Mwingereza maarufu kwa picha za sayari, alikuwa anasafiri na darubini mpaka Barbados kufuata anga la tropiki, apate sayari juu na hewa tulivu. Sisi tunatoka tu nje, uani. Maana yake ni kwamba huku mara nyingi kinachokunyima picha nzuri sio anga, ni darubini yenyewe, na kwenye darubini yenyewe ni kile kioo kidogo. Mtu wa kaskazini mwenye vioo vilivyohama kidogo anaweza asijue miaka, hewa yake mbovu inamfichia. Wewe haikufichii.

Nikueleze kazi yenyewe kwa ile ya Iringa, Juni 2019. Kuna mwalimu wa sekondari kule, mtu mzima, aliyeanza kuyapenda haya mambo tangu Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa likabaki pete pale Rujewa. Alinunua inchi 8 ya mkono wa pili, ikaja kwa meli mpaka Dar, ikapanda basi, na ilipofika alikuwa na miezi mingi anaonyesha wanafunzi Mshtarii isiyoeleweka. Aliponipigia simu alishaanza kutafuta mteja. Nilipofika nikamwamkia, shikamoo mwalimu, marahaba, hata chai hatujanywa akaniambia mwanangu hiki kitu macho yake yamekufa. Nikamwomba tusubiri usiku.

Jambo la kwanza lilikuwa kuitoa nje mapema. Iringa Juni usiku ni baridi kweli, nyumba ya mwalimu ina joto la jiko, na bomba la Schmidt-Cassegrain limefungwa mbele kwa koreketa kwa hiyo joto la ndani linatoka taratibu sana. Likiwa bado na joto, ndani ya bomba kuna hewa inapanda, na ukiiona nyota nje ya fokasi utakuta umbo lake limevimba upande mmoja. Anayeanza ataona uvimbe huo atasema vioo vimehama, atazungusha skrubu, baada ya saa moja bomba limepoa na kweli sasa vioo vimehama. Tuliiacha nje zaidi ya saa nzima. Pwani tatizo linageuka, Dar usiku hakuna baridi ya kusumbua ila ukiitoa darubini chumba chenye eisii ukaipeleka uani koreketa inashika umande hapo hapo. Hamishia kwanza kwenye chumba cha kawaida, na weka kofia ndefu ya umande mbele, hata ya sponji au plastiki nyeusi ya kukunja inatosha.

Spica ilikuwa imefika utosini mapema jioni, kwa Iringa inapita nyuzi tatu na kitu tu kutoka juu ya kichwa. Usifanye kazi nyota ikiwa utosini kabisa. Stendi nyingi pale zinachanganyikiwa, mota inabidi izunguke haraka kufuata, na nyuma ya bomba inagongana na miguu ya stendi. Tukasubiri ishuke upande wa magharibi mpaka nyuzi kama 65, mahali pazuri, juu ya hewa mbaya na mtu anaweza kufika mbele ya bomba akiwa amesimama.

Tukaweka nyota katikati ya uwanja, lenzi ya jicho yenye ukuzaji wa kati, alafu tukatoa fokasi makusudi. Hapo nyota inafunguka inakuwa bangili, duara la mwanga lenye giza katikati, na lile giza ndo kivuli cha kioo kidogo. Vioo vikikaa sawa bangili ina unene mmoja pande zote. Ya mwalimu upande mmoja ilikuwa nene na upande wa pili imekondeana karibu kukatika, kivuli kimejisogeza pembeni kabisa. Nikamwita aangalie. Alikaa pale kwenye lenzi kimya kirefu, alafu akasema kumbe ni hiki.

Sasa ni skrubu ipi? Hapa kuna ufundi mmoja ninaoupenda kuliko vyote kwenye hii kazi. Mtu mmoja anabaki kwenye lenzi, mwingine anaenda mbele ananyoosha kidole kwenye ukingo wa bomba kikielekea katikati, bila kugusa kioo. Kivuli cha kidole kinaonekana ndani ya bangili. Anazungusha kidole taratibu kufuata ukingo mpaka kivuli chake kikae pale bangili ilipokonda. Skrubu iliyo karibu na kidole ndo ya kuanza nayo, na kama kidole kimeangukia katikati ya skrubu mbili basi ni ile ya upande wa pili, iliyotazamana nacho. Huhitaji kukariri kulia ni wapi na kushoto ni wapi, maana ndani ya darubini picha imegeuka na ukiweka dayagonali, kile kiwiko chenye kioo kinachopinda mwanga kabla ya lenzi, imegeuka kivingine, kidole kinakuondolea hesabu zote hizo. Mwalimu aliwaita vijana wa kidato cha tatu wawili waliokuwa wamebaki bwenini, mmoja akawa kidole, mwingine akawa jicho, usiku ule walijua njia ya mwanga kwenye darubini kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Ukishajua skrubu, usianze kuzungusha. Kwanza tumia mota kuisogeza nyota kutoka katikati kwenda ukingoni mwa uwanja, upande ule ule ambao kivuli kimejisogeza. Alafu ndo zungusha skrubu kidogo sana, sehemu ya kumi ya mzunguko inatosha kuona mabadiliko, na uangalie nyota inaenda wapi. Ikirudi kuelekea katikati uko sawa. Ikikimbia nje ya uwanja umegeuza vibaya, rudisha. Ikifika katikati angalia bangili, bado imekonda upande? Rudia, kidole tena, maana upande unaweza kuwa umebadilika. Na kila mara nyota iwe katikati kabisa kabla hujatoa hukumu, kwa sababu nyota iliyoko pembeni ya uwanja ina koma yake ya kawaida hata vioo vikiwa sawa, hapa ndo watu wengi wanazunguka usiku kucha bila kumaliza.

Skrubu ikianza kugoma kwa kukaza, usilazimishe, legeza zile mbili zingine kidogo kidogo kwa kiasi kinacholingana. Ikilegea sana, kaza zile mbili. Usilegeze zote tatu kwa pamoja hata siku moja, kioo kidogo kikianguka humo ndani kinaangukia kioo kikuu. Na kama darubini yako ina pete kubwa inayokishika kioo kidogo chote ili kitolewe kwa ajili ya kamera, hiyo pete sio skrubu ya kurekebisha, iache, hakikisha tu imekaza. Mifano mingine ya zamani ina skrubu ya katikati pia, hiyo nayo usiiguse.

Bisibisi ifunge kamba kwenye mkono. Unafanya kazi gizani, vidole vina baridi, na chini ya ncha ya bisibisi kuna koreketa iliyosuguliwa kwa kipimo ambacho huwezi kukirudisha, ikichanika imechanika. Kama skrubu zako ni za alenki, tafuta ile saizi kamili, iliyopwaya inakula kichwa cha skrubu. Kuna watu wanauza skrubu zenye vichwa vya kushika kwa vidole, bisibisi haihitajiki tena, ni nzuri sana kama una mtu wa kukuletea, ila hakikisha ni za mfano wako hasa maana nyuzi za skrubu zinatofautiana.

Bangili ikishakaa sawa kwa macho, watu wengi wanaacha hapo. Mimi nakuomba usiache, hapo umefika karibu tu. Ongeza ukuzaji, lenzi ya milimita 10 kwenye inchi 8 inakupa mara 203, ya milimita 5 inakupa mara 406, na safari hii nyota iwe ndani ya fokasi. Hewa ikiwa tulivu utaona kitu ambacho George Airy, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, alikipigia hesabu mwaka 1835, kiduara kidogo chenye mwanga katikati na pete nyembamba sana kukizunguka. Nyota yenyewe iko mbali mno, hicho kiduara sio umbo lake, ni tabia ya mwanga kupita kwenye tundu la darubini yako, na hakipungui chini ya hapo hata ufanye nini. Kama ile pete ya kwanza inang'aa upande mmoja na upande mwingine imekatika, bado kuna koma. Hapa unagusa skrubu kwa kiasi ambacho mkono hausikii kama imezunguka, unasikia tu umeikandamiza. Pete ikifunga pande zote kwa mwanga ulio sawa, acha. Na ukimalizia fokasi malizia kwa kuzungusha kitufe upande unaokisukuma kioo kikuu juu, dhidi ya uzito wake, kwa Celestron ni kinyume cha saa, vinginevyo kioo kikuu kinaweza kuteleza taratibu na kukuharibia ulichopanga.

Tulipomaliza pale Iringa, Mshtarii ilikuwa inapanda upande wa mashariki, ilikuwa ndo mwezi wake, ilikuwa imepita mkabala na jua Juni 10. Mikanda miwili ya katikati ikawa na kingo, na ndani ya mkanda mmoja unaona mikunjo. Kilichomgusa mwalimu zaidi ni miezi, Ganymede haikuwa tena nukta ya mwanga, ilikuwa na uduara wake mdogo unaoonekana kabisa kuwa ni mwili. Usiku wa manane Zohali ilipofika juu wale vijana waliona ule mstari mweusi unaotenganisha pete, pengo ambalo Cassini aliliona mwaka 1675, na mmoja alikataa kabisa kuondoka kwenye lenzi mpaka mwalimu akamwambia mwanangu na wenzio je. Darubini haikuuzwa.

Watu wengine wananiuliza kwa nini nisitumie leza, maana wenye darubini za Newton, zile za bomba lililo wazi mbele, wanatumia. Kwa Schmidt-Cassegrain leza inakupa majibu ya uongo kirahisi, inategemea mlango wa nyuma na kioo kikuu vyote viwe vimekaa mstari mmoja, na mara nyingi sivyo. Nyota haina huo utegemezi, inapima njia nzima ya mwanga mpaka kwenye jicho lako. Hata James Webb, ile darubini kubwa ya angani, iliporushwa, ilipofika Februari 2022 kazi ya kupanga vile vipande 18 vya kioo chake ilianza kwa kuielekeza kwenye nyota moja, HD 84406, picha ya kwanza ikawa na nukta 18 za nyota hiyo hiyo moja, na sehemu ya kazi yenyewe ni kusoma umbo la nyota iliyotolewa nje ya fokasi. Wewe uani kwako unafanya kazi ya ukoo huo huo.

Kwa asiye na mota, tengeneza nyota yako. Gololi inayong'aa ya beringi, ukiiweka mbali juani, inaonyesha jua dogo kama nukta moja kali, na hiyo nukta haihami. Hata vile vikombe vya kauri kwenye nguzo za umeme, jua likiwa nyuma yako, kuna kikombe kitakuwa na nukta ya mng'ao inayofaa kabisa kwa hatua ya bangili. Fanya asubuhi mapema kabla ardhi haijapata moto na hewa haijaanza kuchemka, weka umbali mkubwa kadri unavyoweza maana ukisogea karibu kioo kikuu kinalazimika kuteleza mbali na mahali pake pa kawaida na picha inapata kasoro nyingine isiyohusiana na kuinama. Na jua liwe mgongoni kwako muda wote, darubini isipite hata karibu nalo, jicho halirudi.

Ukishapanga vizuri inakaa muda mrefu, sio kazi ya kila wiki. Lakini kila baada ya safari ya gari, kila ikigongwa, na kila kabla ya usiku wa sayari, toa fokasi kidogo uangalie bangili, ni suala la dakika chache. Nyota usichukue zenye mwenza wa karibu, Alpha Centauri na Acrux utaziona mbili mbili utachanganyikiwa, na Sirius inang'aa kupita kiasi kwa hatua ya mwisho. Jioni za Januari na Februari chukua Alnilam, ile ya katikati kwenye zile tatu za mstari za Orion, kwa Nairobi inapita utosini kabisa. Machi na Aprili ni Alphard, imekaa peke yake haina jirani wa kukuchanganya, hiyo ndo ya utosini kwa watu wa Mbeya, ingawa pwani masika itakusumbua. Mei na Juni Spica. Agosti na Septemba Nunki, kule kwenye Mshale, nyuzi 70 kwa Dar. Novemba na Desemba Diphda, nyuzi 79, ukiwahi mwanya kati ya mawingu ya vuli.